Mtoto Mchanga Katika Meli za Port Bell

Barabara itokayo mjini Kampala kwenda ziwani hupita Nakawa, hupanda Kitintale, kisha huteremka Luzira mpaka maji yaonekane. Ni mwendo wa kilometa 10 hivi, wala hauna mengi ya kumsimamisha mpita njia: maduka madogo, vinyozi, mafundi wa baiskeli na pikipiki, na ukuta mrefu wa gereza kuu. Halafu harufu hubadilika. Kwanza huja harufu ya shayiri kutoka kiwanda cha bia, ambacho historia yake yaanzia mwaka 1946, na nyuma yake harufu ya samaki, ya mafunjo yaliyolowa na ya mafuta ya injini. Hapo msafiri ajue kwamba amefika Port Bell.

Msomaji asiyepata kufika hapo asitazamie bandari mfano wa Mombasa. Gati si kubwa. Reli imeingia hadi ukingoni mwa maji, kwa sababu meli zinazofunga hapo hubeba mabehewa mazima mazima tumboni mwake, kama ng'ombe wanavyoingia zizini. Pembeni hukaa mitumbwi na mashua za mbao zinazokwenda visiwani. Maji ya ghuba hii ya ndani si safi, maana mfereji wa Nakivubo huyateremsha humo maji machafu ya mji baada ya kuyapitisha kwenye mafunjo. Na katika miaka ya 1990 gugu-maji liliifunika bandari hata vyombo vikapata taabu kutoka na kuingia. Lakini anayeinua macho kuelekea kusini huona ziwa likifunguka, na hapo hata mtu aliyechoka na safari husimama akatazama.

Jina la mahali hapa lilitokana na Hesketh Bell, mtawala Mwingereza wa Uganda wa wakati huo, na bandari ilianzishwa mwaka 1908. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu Desemba 1901, lakini haikuingia Kampala mpaka mwaka 1931. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, aliyetoka pwani kuja Kampala alishuka gari la moshi Kisumu, akapanda meli, akakanyaga ardhi tena Port Bell. Baadaye, katika miaka ya 1940, hata ndege za kutua majini zilizokuwa zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini zilishuka katika ghuba hii. Leo ni vigumu kuamini, mtu akiitazama ilivyo kimya siku isiyo na meli.

Meli iliyokuwa fahari ya ziwa zima ni Victoria. Iliundwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikavunjwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Mombasa na kwa reli mpaka Kisumu, na huko ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Ilikuwa ikilizunguka ziwa, leo Kisumu, kesho Musoma na Mwanza, kisha Bukoba, kisha Port Bell, ikiwa na vyumba vya kulala vya daraja la kwanza na la pili, na mabenchi ya daraja la tatu kwa wale wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vyombo vya ziwani viligawanywa na Victoria ikabaki Tanzania. Baada ya matengenezo makubwa ilirudi kazini mwaka 2020 kwa jina la MV Victoria Hapa Kazi Tu, yenye nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ndugu yake mkubwa, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, mwenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200 pia, aliteremshwa majini jijini Mwanza Februari 2023, na alikusudiwa kuhudumia Mwanza, Bukoba, Port Bell na Kisumu. Kwa upande wa mizigo, MV Umoja, meli ya kubebea mabehewa, ilirejea katika njia ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018.

Habari za tani na mita huandikwa sana magazetini. Zisizoandikwa ni habari za abiria mdogo kuliko wote, yule anayeingia melini akiwa mgongoni mwa mama yake, bila tikiti, bila mzigo, na bila kujua kwamba ameiacha nchi kavu.

Katika bahari kuu ziko meli za starehe zilizo kama miji. Hubeba watu maelfu, zina mabwawa ya kuogelea, zina vyumba vya kulelea watoto na mayaya wa kuwatazama. Pamoja na utajiri wote huo, kampuni nyingi za meli hizo humkataa mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kubwa humkataa aliye chini ya miezi 12. Sababu ni nyepesi: mtoto mchanga huzidiwa upesi, na hospitali iko mbali. Kwa watu hao meli ni mapumziko. Mtoto akikataliwa mwaka huu, watapumzika mwaka ujao.

Katika ziwa letu mambo ni kinyume. Anayepanda meli na mtoto wa wiki tatu hakwenda kustarehe. Baba amehamishwa kikosi, na mke lazima amfuate kabla nyumba ya kambini haijapewa mwingine. Ama bibi amefariki Bukoba, na mjukuu hana budi kupelekwa. Ama mtoto mwenyewe ni mgonjwa, na daktari anayetakiwa yuko ng'ambo. Hakuna kanuni ya miezi 6 itakayomzuia mama huyo, na huenda si haki kumzuia. Ndiyo maana yafaa ajue maisha ya melini yalivyo, tangu anapopanda mpaka anaposhuka, hasa lile jambo moja ambalo akina mama wengi, na waume zao pia, hawalifikirii kabisa, nalo litasemwa mbele kidogo.

Kwanza, kupanda. Meli ya usiku huleta watu gatini tangu alasiri, na saa ya kufunguliwa mlango watu husukumana kama kwamba meli itaondoka na nusu yao. Mama mwenye mtoto asiingie katika msukumano huo na mtoto mgongoni, kwa kuwa mgongo hauna macho. Masanduku ya watu hupita usawa wa kichwa cha mtoto. Amweke kifuani, mume au ndugu atangulie na mizigo, yeye afuate. Askari wengi wana desturi ya kutangulia na mkoba mdogo huku mke akibeba mtoto, beseni na tenga la kuku. Desturi hiyo haina sababu ya kuendelea.

Kuchagua mahali ni nusu ya safari. Mwenye fedha ya chumba hukaa chumbani, na huko mtoto hulala vizuri ila vitanda vya juu havimfai hata kidogo. Alale kitanda cha chini, upande wa ukutani, mama akiwa upande wa nje. Wa daraja la tatu ana kazi zaidi. Chini, karibu na chumba cha injini, kuna joto na harufu ya mafuta, na mtoto hutoka jasho mpaka nguo zikalowa. Juu kwenye sitaha kuna hewa safi, lakini kuna upepo, na kati ya vyuma vya kando mna nafasi ambazo mtoto anayetambaa aweza kupita. Palipo pema ni katikati ya meli, ndani, si juu sana wala si chini sana, mbali na mlango unaofunguliwa kila dakika. Katikati ndipo meli inapoyumba kidogo kuliko omo na tezi, kama mtoto anayekaa katikati ya pembea anavyotikisika kidogo kuliko walio nchani.

Mngurumo wa injini, ambao humkosesha mtu mzima usingizi, kwa mtoto ni wimbo. Aghalabu kabla meli haijatoka ghubani mtoto amelala. Na kichefuchefu cha mawimbi, ambacho humlaza hata askari shujaa akakumbatia ndoo, huwapata kwa nadra watoto walio chini ya miaka miwili. Kwa hiyo mtoto akitapika melini, mama asiseme mara moja ni mawimbi. Atazame kama ana homa, kama anaharisha, kama utosi umebonyea. Na kwa sababu yoyote ile asimpe dawa ya kikohozi ili alale, kama wengine wanavyoshauriana kwenye mabenchi. Dawa za namna hiyo zaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto mchanga, na ndani ya meli gizani nani atakayeiona pumzi yake?

Chakula si tatizo kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya, maana maziwa ya mama hayahitaji moto wala chupa. Tatizo ni mama. Mama asiyekula wala kunywa usiku kucha, kwa kuogopa foleni ya choo, ataona asubuhi maziwa yamepungua na mtoto analia. Achukue chupa yake ya chai, maji yaliyochemshwa kwenye dumu dogo, na chakula kisichochacha: ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, mkate. Mtoto aliyekwisha kuanza uji achukuliwe uji katika chupa ya kuhifadhi joto, na ule utakaobaki hata asubuhi umwagwe, usipashwe upya. Mtoto akiharisha njiani, na hakuna pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe visiwe na kilima, hufanya kazi ile ile, naye aendelee kunyonyeshwa hadi afikishwe kwa mganga.

Wako wanaosema kwamba ziwa ni maji matamu, hayana chumvi, basi ya nini kubeba dumu? Ni kweli kwamba anayefua nepi kwa maji ya ziwa hapati ule ukakasi wa chumvi unaowasumbua wasafiri wa baharini. Lakini maji ya ziwa, hasa karibu na miji, hayafai kunywesha mtoto wala kuoshea chupa yake. Na kuteka maji kwa ndoo na kamba kutoka ubavuni mwa meli inayokwenda ni jambo la kuwaachia mabaharia, ambao nao hawalipendi. Nepi chafu zifungwe katika mfuko, zifuliwe nchi kavu. Nepi 8 au 10 hutosha usiku mmoja na asubuhi yake, na kanga mbili za ziada zina faida kuliko koti zuri.

Usiku ukiingia, taa za Entebbe hubaki upande wa kulia wa meli iendayo kusini, na muda si mrefu hupitwa mstari wa Ikweta. Katika bahari kuu mabaharia hufanya mchezo mkubwa siku ya kuvuka mstari huo, hupakana sabuni na kumwagiana maji. Hapa hakuna anayejali. Mtoto wa Luzira huvuka kutoka kaskazini ya dunia hadi kusini yake akiwa usingizini, na mama yake akiwa anatafuta mahali pa kuegemeza mgongo. Mbali upande huo huo viko visiwa vya Ssese, 84 kwa hesabu, ambavyo gizani ni weusi tu juu ya weusi.

Baridi ya ziwani huwashangaza wageni. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku wa manane hupenya kanga moja kama kwamba haipo. Mtoto avikwe kofia na soksi tangu jioni, kabla hajapoa. Tena usiku ndio wakati wa dhoruba. Mchana nchi kavu hupata joto upesi na upepo hutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukimbilia ziwani, hukutana katikati, hupanda na kuwa mawingu ya radi. Hivyo anayesema jioni kwamba ziwa limetulia amesema kweli ya jioni. Saa nane au tisa usiku yaweza kuwa habari nyingine.

Na hapa ndipo lile jambo moja.

Mama wa Kiafrika ana mbeleko. Ameirithi kwa mama yake, na nchi kavu hakuna kitu bora kuliko hicho: mikono yake iko huru, mtoto ana joto, anasikia moyo wa mama yake. Kwa hiyo meli inapoanza kuyumba na watu kupiga kelele, mikono ya mama hufanya yenyewe kilicho desturi. Humfunga mtoto mgongoni kwa nguvu zote, kisha, akiwa amepewa jaketi la kuokolea maisha, hulivaa kifuani. Anadhani amemhifadhi mtoto. Kumbe amefanya jambo la hatari kupita yote. Jaketi hilo limetengenezwa ili limgeuze aliyelivaa, akae chali, uso juu, hata akiwa amezimia. Likifanya kazi yake sawasawa, mama ataelea akitazama mbingu, na mtoto aliye mgongoni atakuwa chini ya maji.

Kumfunga kifuani nako si dawa. Jaketi la mama halitakaa mahali pake, na kamba zake hazitafunga. Aidha jaketi la mtu mzima, hata likizungushwa mara mbili, halimfai mtoto. Huteleza juu likaachia kichwa. Dawa ni moja tu, mtoto awe na jaketi lake. Yako majaketi ya watoto wachanga, yaliyopimwa kwa walio chini ya kilo 15, yenye kola kubwa ya kushika kichwa, ambacho kwa mtoto ni kizito kuliko sehemu nyingine za mwili, na ukanda unaopita kati ya miguu ili lisipande shingoni. Ya watoto wakubwa kidogo, kuanzia kilo 15 hadi 43, ni aina nyingine tena.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao ulianza kuandikwa baada ya msiba wa Titanic wa mwaka 1912, umelitaja jambo hili kwa hesabu. Meli ya abiria iwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, na ikiwa safari haifiki saa 24, iwe pia na majaketi ya wachanga yasiyopungua asilimia 2.5, safari ikifika saa 24 au kuzidi, kila mchanga aliyemo awe na lake. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa za baharini, lakini kipimo chake chafaa kuazimwa. Kwa meli ya abiria 1,200 hiyo ni 120 ya watoto na 30 ya wachanga. Mama au baba akipanda, na amwulize baharia swali dogo: majaketi ya watoto wachanga yako wapi? Asiulize usiku dhoruba imeanza. Aulize meli ingali imefungwa gatini Port Bell, wakati ambapo kushuka kungali kunawezekana. Akionyeshwa, amjaribishe mtoto mara moja, ajue kamba ipi hufungwa wapi, kisha aliweke jaketi hilo chini ya mto wa mtoto. Tena aifahamu sauti ya hatari, ambayo katika meli kubwa ni milio 7 mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu.

Liko swali la pili, nalo ni la karani kuliko la baharia. Kwa desturi mtoto wa kubebwa halipiwi nauli. Ni hisani njema kwa wazazi. Lakini asiyelipa hakatiwi tikiti, na penye kuhesabu watu kwa tikiti, asiye na tikiti hayumo.

Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilikaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Ilipinduka, ikazama, na watu zaidi ya 800 wakafa. Tanzania ikaingia katika maombolezo ya kitaifa ya siku 3, na maiti wengi wakazikwa kwa pamoja Igoma. Orodha ya abiria ilikuwapo kwa waliokuwa katika daraja la kwanza na la pili. Kwa daraja la tatu hapakuwa na orodha. Na daraja la tatu ndilo la mama mwenye beseni, dumu na mtoto. Hata leo hesabu za waliokufa hutofautiana, na haitazamiwi kwamba zitapatana.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Wakubwa waliotakiwa kusema ni wangapi waliokuwamo walishindwa, kwa sababu mkata tikiti naye alikuwa amekufa, na mashine yake ya kumbukumbu ilikuwa imepotea. Na mwaka huo huo, tarehe 24 Novemba, mashua ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, si mbali sana na Port Bell yenyewe, ikiua watu zaidi ya 30 waliokuwa wametoka kucheza muziki na kufurahi. Huko nako watafutaji walikaa siku kadhaa bila kujua watafute wangapi.

Msomaji aliye askari ajua maana ya kuitwa jina kwenye gwaride la asubuhi. Kikosi hakiondoki bila kuhesabiwa, na kikirudi huhesabiwa tena, na asiyejibu hutafutwa mpaka aonekane. Mtoto wake wa miezi 4 anastahili kanuni hiyo hiyo. Karani wa gatini akisema kwamba mtoto haandikwi kwa kuwa halipi, baba asimame hapo hapo, kwa adabu lakini asisogee, mpaka jina liandikwe: jina la mtoto, miezi yake, jina la aliyembeba. Ni mstari mmoja wa wino. Yafaa zaidi kama orodha itaandikwa mara mbili, moja ikaenda na meli na nyingine ikabaki nchi kavu, kwa sababu orodha iliyozama na chombo haina msaada kwa mtu. Wenye mamlaka ya bandari wakiliweka jambo hilo katika sheria zao na kulisimamia, wazazi hawatahitaji kugombana na karani. Mpaka hapo, na wagombane.

Meli ikifika salama, na nyingi hufika, asubuhi ya ziwani ni tamu. Ukungu huinuka taratibu. Pengine huonekana nguzo nyeusi zimesimama juu ya maji kama moshi wa moto usioonekana. Hizo ni mbung'o wala si moshi, wageni hubishana. Kwa kweli ni vijidudu vidogo vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo haviumi lakini huingia puani na machoni. Mtoto afunikwe uso kwa kanga nyepesi mpaka wingu lipite. Kisha Ukerewe huonekana upande wa kushoto, na baadaye ile milima ya mawe ya Mwanza iliyopangana kama kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Akina mama huamka, hunyoosha migongo, huazimana maji ya kunawa. Ambao jana hawakujuana sasa mmoja ameshika mtoto wa mwingine, mwenye mtoto amekwenda chooni.

Nyuma, Port Bell, mabehewa mengine hupangwa tayari kwa meli ijayo. Mashua za mbao hupakia sabuni, unga, magodoro na soda kwa ajili ya visiwani, na juu ya mizigo hiyo huketi mama, mtoto mgongoni. Safari yake ni fupi kuliko ya Mwanza, na chombo chake ni kidogo zaidi. Mwenye mashua humpa jaketi moja la rangi ya machungwa, la mtu mzima. Mama hulitazama, hulipima kwa mtoto, likamfunika mpaka miguuni. Humuuliza mwenye mashua kama kuna jingine dogo.